“Mbona anakojoa vizuri, figo zitakuwaje mbovu?”

Hii kauli nimeisikia sana kwetu Tandika kipindi shangazi anaumwa, na kila aliyeisema alikuwa na nia nzuri kabisa, sisi wenyewe tukaiamini. Kumbe kukojoa ni kitu kimoja na kutoa taka ni kingine. Figo nzima kwa siku zinachuja karibu lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, karibu yote zinayarudisha mwilini, kinachotoka ni lita moja na nusu au mbili hivi ambazo ndo mkojo, umebeba taka za mwili kama urea na kreatinini, pamoja na asidi na potasiamu iliyozidi. Figo zikichakaa maji yanaweza kuendelea kutoka tu, tena mtu anaamka usiku mara tatu mara nne, ila taka inayotoka na hayo maji haitoshi, nyingine inabaki inazunguka kwenye damu. Kwahiyo wingi wa mkojo usikutulize. Kinachosema ukweli ni kipimo cha damu, kreatinini na urea, pamoja na kupima kama mkojo una protini.

“Hivyo ni vidonda vya tumbo.” Hapa ndo tulipoteza muda jamani. Shangazi alianza na kichefuchefu cha asubuhi, chakula hakipandi, nyama hata harufu yake hataki, anasema mdomoni anasikia ladha kama ya chuma. Zahanati ya kwanza dawa za vidonda vya tumbo, baadae wakasema taifodi, baadae yutiai, miezi imeenda na hakuna aliyechukua damu kuangalia figo wakati kila mtu anajua ana presha ya miaka. Zikaja kwikwi za kutwa nzima, miwasho mwili mzima bila kipele hata kimoja, pumzi ikaanza kunuka kama mkojo. Mwisho akawa anaongea vitu havieleweki, mwanangu anamwita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, na hapo majirani wakaleta habari za mashetani. Hayakuwa mashetani, ni taka iliyojaa kwenye damu inasumbua ubongo, na ikizidi zaidi mtu anapata degedege au anapoteza fahamu. Ubaya ni kwamba figo haziumi mapema, wengi dalili kama hizi zinakuja wakati kazi ya figo imeshabaki chini ya asilimia 15 hivi.

“Anywe maji mengi sumu itoke, na madafu.” Hili naomba mlishike kuliko yote. Maji hayaendi kusukuma sumu kama unavyosuuza ndoo, figo zikishindwa kuyatoa yanajaa miguuni halafu kwenye mapafu, mgonjwa anashindwa hata kulala chali. Na dafu, lile la baiskeli tunalompelekea kila mgonjwa tukidhani tunamsaidia, lina potasiamu nyingi sana, figo mbovu haziwezi kuitoa na potasiamu ikipanda inaweza kusimamisha moyo ghafla bila dalili ya maana kabla. Ndizi nazo hivyohivyo, za kuiva na za kupika, maharage, viazi. Viazi tulifundishwa kuvimenya, kukata vidogovidogo, kuchemsha kwenye maji mengi na yale maji kuyamwaga, potasiamu inapungua. Kiasi cha maji na chakula mwachie daktari amwambie kila mtu cha kwake.

Zile chupa za “kusafisha damu” zinazouzwa stendi na kwenye magari sitaki hata kuziongelea sana, hazitoi urea, na baadhi ya mitishamba yenyewe inaua figo. Diklofenaki za kumeza kila siku kwa ajili ya mgongo nazo zinaumiza figo.

“Ukishaingia kwenye mashine ndo basi.” Baba mdogo alikataa kwa sababu hii wiki mbili nzima, anasema kila aliyepelekwa kusafishwa damu alikufa. Lakini wengi wanapelekwa wameshachelewa, halafu lawama inaenda kwa mashine. Mashine haimfanyi mtu kuwa tegemezi, figo zilizokufa ndo zinafanya hivyo. Na sio wote wanasafishwa maisha, figo zikifeli ghafla, labda malaria kali au mama kavuja damu nyingi kujifungua, kuna wanaosafishwa kwa muda tu figo zinaamka wanaendelea na maisha. Kwa wale ambao hazirudi kawaida ni mara 3 kwa wiki, kama masaa manne kila mara, au kupandikizwa, na Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza wa figo Novemba 2017. Mchangiaji anabaki na figo moja na akiwa amepimwa vizuri anaishi nayo.

Shangazi baada ya kusafishwa mara kadhaa akili ilirudi, kwikwi zikakata, akaomba samaki mwenyewe. Na hapo tena watu wakasema protini marufuku, wakati aliyeko kwenye mashine anahitaji protini zaidi, ni kabla ya mashine ndo daktari anaweza kuipunguza. Saa hizi anaenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ana fistula mkono wa kushoto, yaani mishipa ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ichukulie damu hapo, na ule mkono hafungwi kipimo cha presha wala hachomwi sindano ya kutoa damu, hata akienda kupimwa malaria tu anatangulia kumwambia nesi atumie wa kulia.