"Moteri inagonga": maana yake baada ya pikipiki kuanguka

Pikipiki ikianguka hapa Goma, kwenye mawe ya volkano ya mtaa wa Ndosho au barabara ya Sake, ikainuliwa na kuwashwa, mtu wa kwanza kuitegea sikio atasema: "Moteri inagonga," yaani injini inagonga. Neno ni moja, lakini limebeba sauti nyingi zisizo na undugu kati yao. Nyingine inaisha kwa kukaza nati moja. Nyingine inataka injini ifunguliwe yote.

Kugonga kwenyewe ni nini? Vyuma viwili vilivyotengenezwa kusogea pamoja vimelegea, nafasi imeingia katikati. Kila mara nguvu inapogeuza upande, kimoja kinatangulia, cha pili kinachelewa, kisha vinapigana. Bila nafasi hakuna kugonga. Sasa fikiria ajali inafanya nini: inapinda, inapasua, inasukuma kitu mpaka kiguse kingine. Kuanguka chini hakulegezi beringi iliyo katikati ya injini. Kwa hiyo sauti nyingi zinazoanza baada ya kuanguka ni za kugusana, na kugusana hutafutwa nje kabla ya ndani. Kinacholeta nafasi ndani ni jambo jingine: injini kuendelea kuzunguka ikiwa imelala ubavu, bila oili.

Hilo la oili ndilo la kuuliza kwanza. Pampu hunyonya oili chini kabisa ya injini. Pikipiki ikilala, oili inakimbilia upande mmoja na pampu inaweza kuvuta hewa. Boxer na TVS za kubeba abiria zina takriban lita 1 tu, hakuna akiba ya kuchezea. Sekunde chache haziui kitu. Dakika kadhaa, huku akseleta imebanwa na usukani uliopinda, zinaweza kukwaruza pistoni na kula kemu, chuma kinachofungua vali, kule juu ya kichwa cha silinda. Ndiyo maana kabla ya kumwinua mtu yeyote au kitu chochote, zima ufunguo.

Ikishasimama, usiiwashe papo hapo. Iache wima kama dakika 10 oili irudi chini, kisha pima. Nusa pia kijiti cha kupimia: kama kinanuka esansi (petroli) na kiwango kimepanda, kabureta imemwaga ndani ya injini. Oili hiyo imekuwa nyepesi, haishiki chuma, na ukiiwasha hivyo utaleta kugonga ambako hakukuwepo. Imwage yote. Kiki ikigoma kushuka, usiilazimishe kwa uzito wa mwili, maana huenda kuna esansi au oili juu ya pistoni, na kimiminika hakikandamiziki. Toa plagi (buji), piga kiki polepole mara kadhaa mpaka itemee nje, futa, rudisha.

Ikiwaka, sikiliza mdundo kabla ya kutafuta mahali. Lakini kwanza izime kabisa, weka gia huru, isukume. Sauti ikiwepo, injini haina kosa. Ni cheni inayogusa kifuniko chake, gurudumu la nyuma lililohama upande, au breki iliyoshika. Mafundi wengi wanaruka hatua hii ya nusu dakika na kwenda moja kwa moja kwenye bolti za injini.

Sauti ikija na injini tu, iache isilensa, yaani izunguke polepole bila akseleta, kama mizunguko 1,400 kwa dakika. Kitu kinachogusana na sehemu inayozunguka pamoja na krenki (mhimili mkuu wa injini) kitalia kila mzunguko, kwa hiyo sikio linapata mkwaruzo usiokatika, "krrrr". Vali hufunguka mara moja kwa kila mizunguko 2, yaani mara 700 tu kwa dakika, ndiyo maana mlio wake umeachana, "tik-tik-tik", kama cherehani. Cherehani hiyo karibu kila mara ilikuwepo kabla ya ajali. Mwenye pikipiki hakuwa anaisikiliza, sasa ana hofu na anasikia kila kitu. Pima nafasi ya vali injini ikiwa baridi; kwa pikipiki hizi ndogo kawaida ni kati ya mm 0.05 na 0.10, kipimo kamili kiko kwenye kitabu chake.

Kisha uliza ilianguka upande gani.

Kushoto kuna pedeli ya gia, na nyuma yake kifuniko cha volani, gurudumu la sumaku lililo kwenye ncha ya krenki. Pedeli ikipigwa inarudi ndani na ncha yake inachoma kifuniko. Hiyo ni alumini ya kumimina, haipindi sana, inapasuka, na kipande kinachoingia ndani hugusa volani. Ilalishe pikipiki kidogo upande wa kulia oili isimwagike, ondoa skrubu zote, vuta. Ikiwa koili zimefungwa ndani ya kifuniko, sumaku itakishika na utadhani kimegandishwa. Kivute sawasawa kwa mikono miwili, usichokoe kwa bisibisi, utaharibu uso wa jointi (gasketi). Ndani tafuta mstari mwembamba unaong'aa kwenye volani. Palipong'aa ndipo panapogusana. Hakuna mstari, hakuna mgusano: funga kwa jointi mpya.

Kulia ni ekzosi, pedeli ya breki na klachi. Ekzosi ndiyo inayodanganya watu kuliko kitu chochote. Ikivutwa kidogo tu inalegea pale inapoingia kwenye kichwa cha silinda, na gesi inayotoka hapo hupiga "paf, paf, paf" kufuata injini sawasawa, kiasi kwamba ukiwa umekaa juu ya kiti utaapa ni vali. Ziba mdomo wa nyuma kwa kitambaa kizito chenye maji kwa sekunde 1 au 2, huku mwenzako akiweka sikio upande wa mbele, mbali na chuma cha moto. Akisikia gesi ikifoka, umeipata. Masizi meusi kuzunguka jointi ni ushahidi mwingine. Legeza bolti ya nyuma ya ekzosi kwanza, kaza nati 2 za mbele kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, ndipo umalizie nyuma. Ukianza nyuma, ekzosi itakaa kwa mvutano na italegea tena.

Klachi jaribu kwa mkono: vuta levya. Sauti ikibadilika au ikipotea, iko upande huo, ndani ya kifuniko cha kulia.

Kuna sauti nyingine inayotokea ukipanda mlima na mzigo tu, kama kokoto ndani ya kopo. Hiyo si chuma kugonga chuma, ni esansi inayolipuka vibaya. Baada ya kuanguka, angalia mpira unaounga kabureta na injini: ukipasuka, hewa ya ziada inaingia, mchanganyiko unakuwa mkavu na kichwa cha silinda kinachemka. Angalia na boksi la filta. Vumbi letu la lava, ile ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 na 2021, lina chembe ngumu za kioo, na filta iliyoachama inazipeleka moja kwa moja kwenye silinda.

Ukikosa kote huko, na sauti ni nzito, "ko, ko, ko", inayozidi unapoongeza mzigo, hapo ndipo neno "inagonga" lina haki yake. Mwaga oili kwenye beseni safi na pitisha sumaku. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyonata kwenye sumaku ni chuma cha beringi au gia. Vinavyong'aa bila kunata ni alumini ya pistoni au ya kichwa cha silinda.

Kabla ya kufungua injini kuna kipimo kimoja zaidi. Toa plagi na kifuniko cha volani. Ingiza mrija wa soda kwenye tundu la plagi, si spoku, utakwaruza pistoni. Zungusha volani mpaka mrija ufike katikati ya safari yake, halafu tikisa nati ya volani kwa spana, mbele na nyuma, kidogo sana. Mrija unapaswa kupanda na kushuka papo hapo na mkono wako. Spana ikisogea na mrija ukabaki umesimama kabla ya kufuata, nafasi imeingia kwenye bieli (mkono unaounga pistoni na krenki), na krenki itatoka nje.