Matembezi ya ndege Arabuko-Sokoke: ruhusa huanzia shambani

Kuanzia Machi hadi Aprili, ndege waliokuja kwetu kukimbia baridi ya Ulaya na Asia hurudi kaskazini, na pwani ya Kenya ni mojawapo ya njia zao. Mbayuwayu hujipanga kwenye nyaya za umeme kando ya barabara ya Malindi. Chole wa Ulaya hutua mashambani kutafuta wadudu. Katika hori ya Mida chamchanga wengine wameshaanza kugeuka wekundu kifuani, maana huko waendako baridi ndiyo kwanza inaachia na msimu wa kuzaa unakaribia. Vikundi vya watazamaji ndege navyo huongezeka, na tunavikaribisha kwa moyo wote. Lakini huu ndio wakati ambao mkulima wa Kilifi anapanda akisubiri masika, na malalamiko ya mashamba kukanyagwa yanayotufikia sasa ni mengi kiasi kwamba hatuwezi kunyamaza.

Wengi hudhani matembezi huanza langoni pa msitu. Sivyo. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, umezungukwa na mashamba ya watu, na ndege hawajui mpaka. Ukimfuata kurumbiza kutoka kwenye mwembe hadi kwenye mkorosho, tayari umo katika riziki ya mtu.

Shamba la mahindi lililopandwa kabla ya mvua halionekani kama limepandwa. Udongo ni mkavu, mashimo yamefukiwa kwa mguu, na mgeni huona uwanja mtupu. Majuzi mama mmoja alinisimamisha ukingoni mwa shamba lake akanionyesha alama za viatu zilizokata mistari minne, zikaenda mpaka kwenye mti, kisha zikarudi kwa njia nyingine. Penye kisigino, mbegu ilikuwa imefukuliwa ikabaki juu, kuku wanaitazama. Alipowauliza wageni wale, walimjibu kwamba hawachukui kitu, wanatazama ndege tu. Jibu hilo tunalisikia kila wiki na tunaomba likome. Kuingia katika ardhi ya mtu bila idhini yake na bila sababu ya msingi ni kosa kisheria, uwe umebeba panga au darubini. Piga hodi, msalimie mwenye nyumba, mweleze mko wangapi na mnapita wapi, kisha mpite kwa mstari mmoja kwenye kijia atakachowaonyesha. Akikataa, mshukuru mwende kwingine. Kama hayupo, msiingie.

Kuhusu msitu wenyewe, Kifungu cha 64 cha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 kinakataza, bila leseni au kibali, kukata au kuondoa zao lolote la msitu, kuwasha moto, na kuingia sehemu iliyofungwa. Kinakataza pia kuwamo msituni kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa kwa anayepita njia inayotambulika, aliye katika jengo lililoidhinishwa, au anayeshiriki shughuli ya kitamaduni, ya kisayansi au ya burudani. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Wapo wanaokisoma kipengele cha burudani kana kwamba kinawapa usiku mzima na msitu mzima. Hakiwaruhusu kukata tawi lililoziba picha, wala kuingia palipofungwa. Kiongozi wa kikundi aripoti kwanza kituo cha msitu akiwa na orodha ya majina, nambari za vitambulisho, namba za magari, njia wanayokusudia na saa ya kutoka. Akitoka, aripoti tena. Tunasisitiza hili la pili kwa sababu ndilo husahaulika, na humo msituni mna ndovu.

Sasa bundi. Bundi mdogo wa Sokoke ana urefu wa sentimita 16 au 17 tu, na duniani anajulikana hasa hapa na katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Mchana hulala kwenye kichaka kizito, mara nyingi wawili wawili wamegusana mabega, rangi yao ikifanana kabisa na majani makavu. Kumchezea sauti iliyorekodiwa kwenye simu ni kumwambia kwamba mgeni amevamia himaya yake. Ataacha kuwinda, atatoka mafichoni kumtafuta adui asiyekuwepo, na kikundi kikiondoka kinakuja kingine na simu nyingine. Msifanye hivyo. Mchukueni mwelekezi wa hapa, ambaye anajua wanapolala na anajua siku ya kuwaacha wapumzike. Na ile imani kwamba bundi huleta kifo, iliyowafanya wengi wapigwe mawe, haina ukweli wowote, anakula wadudu.

Mnana wa Clarke hapatikani popote duniani nje ya Kaunti ya Kilifi, na viota vyake vilithibitishwa mwaka 2013 tu, katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha. Ukibahatika kuona kiota, cha ndege huyu au mwingine yeyote aliye hatarini, usiweke mtandaoni picha yenye alama ya mahali. Tupe sisi taarifa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali zaidi kwa anayedhuru spishi zilizo hatarini.

Vikundi visizidi watu kumi kwa mwelekezi mmoja. Njooni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu ikifika saa nne jua limeshakolea na kwenye miti ya mirihi mnabaki kusikia nyenje tu. Mkirudi, mpitieni mwenye shamba mliyemwomba njia mkamwambie mmewaona ndege gani kwenye miti yake. Yule mama aliniuliza jina la chole anayekuja shambani kwake kila mwaka msimu huu, na katika wote waliopita hapo hakuna aliyekuwa amemwambia.