Kura 565 za Swan: kwa nini karatasi yako ya kura inataka namba

Katika vipindi vya elimu ya mpiga kura ninavyoendesha kwa wenzetu wanaozungumza Kiswahili hapa Perth, Australia, swali moja halikosekani. Safari hii liliulizwa na mama mmoja aliyepata uraia mwaka jana. Alichukua karatasi ya mfano, akaandika 1 mbele ya mgombea anayempenda, akaweka penseli chini. Nilipomwomba ajaze visanduku vyote alinikazia macho. "Mwalimu, huyu simtaki hata kumsikia. Namba ya nini?"

Jibu lake liko jirani tu, katika eneo bunge la Swan, kwenye uchaguzi mdogo wa Oktoba 26, 1918. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa bado haijaisha. Zilibaki wiki mbili na ushei silaha ziwekwe chini.

Kiti cha Swan katika Bunge la Shirikisho kilikuwa cha John Forrest, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Australia Magharibi. Alikishika tangu 1901. Mwaka 1918 alipanda meli kwenda London akiwa mgonjwa wa saratani, akafariki njiani mapema Septemba, karibu na pwani ya Sierra Leone.

Vita ilikuwa imeipasua siasa ya nchi. Mara mbili, 1916 na 1917, wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama vijana walazimishwe kwenda kupigana ng'ambo, na mara zote mbili wakakataa. Waziri Mkuu Billy Hughes, aliyetaka walazimishwe, alitengana na chama chake cha Labor, akaungana na wapinzani wake wa jana kuunda chama cha Nationalist. Wakulima wa ngano nao walikuwa wamechoka kuona serikali ikishika soko la mazao yao, wakaanza kusimamisha wagombea wao wenyewe.

Basi Swan walijitokeza wanne. William Hedges wa Nationalist. Basil Murray wa wakulima. William Watson, mgombea binafsi. Na wa Labor, Edwin Corboy, kijana wa miaka 22. Mpiga kura alitia alama ya X kwa mmoja, basi, na mwenye kura nyingi ndiye mshindi, kama tunavyochagua wabunge wa majimbo kule Tanzania na Kenya.

Corboy alipata kura 6,540, Murray 5,975, Hedges 5,635, Watson 884. Corboy akaingia bungeni kwa tofauti ya kura 565, akiwa na asilimia 34 tu. Watu wawili kati ya watatu walikuwa wamempigia mtu mwingine. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Tuzihesabu upya kura hizo kwa utaratibu wa leo. Jumla ni 19,034, kwa hiyo anayetaka kushinda lazima afikishe 9,518. Hakuna aliyefika. Wa mwisho, Watson, anatolewa. Karatasi zake 884 hazitupwi: makarani wanazifungua upya mezani, wanatazama namba 2 iko wapi, na kila karatasi inahamia kwenye fungu la huyo. Hapa pananivutia kuliko kwingine kote. Murray alimzidi Hedges kwa kura 340. Karatasi za Watson, ambaye hakuna aliyemdhania, zingetosha kuamua nani kati ya hao wawili anaendelea na nani anatolewa. Kisha za huyo wa pili kutolewa zingegawanywa vivyo hivyo, na mmoja angevuka nusu. Corboy alihitaji nyongeza ya kura 2,978, na sioni angezitoa wapi kwa wafuasi wa wagombea walioipinga Labor.

Serikali ilikuwa imeshaionja hatari hiyo ya wapinzani wa Labor kugawana kura. Mwezi Mei mwaka huohuo, katika uchaguzi mdogo wa Flinders, mgombea wa wakulima alijitoa baada ya serikali kuahidi kura ya kupanga namba. Baada ya Swan haikungoja tena: sheria mpya ilipata idhini Novemba 21, na Desemba 14 ikatumika kwa mara ya kwanza kwenye uchaguzi mdogo wa Corinella, Victoria. Wakazi wa Swan hawakuona jambo geni. Kwa bunge lao la Australia Magharibi walikuwa wakipanga namba tangu 1907.

Lazima niseme wazi kwamba waliotunga sheria hiyo walikuwa wanalinda viti vyao. Hata hivyo walimpa mpiga kura kitu cha thamani: kumchagua ampendaye bila hofu kwamba anamfungulia mlango asiyempenda.

Na si kila mkazi wa Swan aliyepewa karatasi siku ile. Wanawake walipiga kura, lakini sheria ya 1902 iliwafungia nje Waaborijini wengi, na ikawataja kwa jina wenyeji wa Asia na wa Afrika. Mama yule nilimweleza hilo pia. Alinyamaza kidogo, akaivuta karatasi karibu.

Nikamwonyesha. Unayemtaka zaidi mpe 1, anayefuata 2, endelea hivyo, na usiyemtaka kabisa mwachie namba ya mwisho. Kura yako inabaki moja tu. Namba ya mwisho haimwongezei mtu chochote mbele ya wale uliowatanguliza. Maana yake ni kwamba wote wengine unawaona afadhali kuliko yeye. Katika uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi la Bunge la Shirikisho, na wa wabunge wa maeneo katika Bunge la Australia Magharibi, uwe mkuu au mdogo, jaza kila kisanduku. Usirudie namba. Ukikosea, usifutefute wala usiitumbukize hivyo sandukuni: irudishe kwa karani, atakupa nyingine.