Mkojo Unaokatika: Si Kila Mara Tezi Dume

Barazani hukumu ni moja tu. Mzee akikawia chooni, mkojo ukitoka kwa kukatika na kuishia matone, watasema "tezi dume hiyo". Mara nyingi wanapatia. Tabu ni pale wanapokosea, maana kuondoa tezi hakumsaidii sana mtu ambaye kibofu chenyewe ndicho kilichochoka.

"Mkojo ukitoka kidogo, njia imeziba"

Chukua mpira wa kumwagilia bustani. Maji yakichuruzika, huenda kuna aliyeukanyaga. Huenda pia ni siku ya mgao na bomba halina nguvu. Ukiangalia ncha ya mpira tu hutajua ni lipi kati ya hayo. Kibofu nacho ni msuli: hujaa, hubana, husukuma. Umri huudhoofisha, kisukari huharibu neva zake, jeraha la uti wa mgongo huukatia mawasiliano, na kibofu kilichokaa miaka kimejaa kupita kiasi hutanuka na kulegea.

"Kipimo cha kasi ya mkojo kinatosha"

Hapa mgonjwa anakojoa kwenye chombo kilichounganishwa na mashine, faragha, bila sindano wala mpira wa kuingizwa mwilini. Kasi ya juu kabisa ikiwa chini ya mililita 10 kwa sekunde, kuna jambo. Mchoro ukilala bapa badala ya kupanda na kushuka, daktari hushuku kovu ndani ya njia ya mkojo, labda kutokana na kisonono cha zamani au ajali. Kisha ultrasaundi huonyesha mkojo uliobaki kibofuni.

Lakini mashine hiyo nayo inaangalia ncha ya mpira tu. Na wengi huiharibu wenyewe kwa kukojoa nyumbani kabla ya kuondoka! Nenda kibofu kikiwa kimejaa vizuri. Usipokojoa angalau mililita 150, majibu hayaaminiki.

"Mrija wa nyuma ni wa kudhalilisha tu"

Hapa ndipo wanaume wengi hugoma. Kipimo cha presha ya kibofu hutumia mirija miwili myembamba: mmoja hupitia uume hadi kibofuni, mwingine huwekwa kwenye njia ya haja kubwa. Wa pili una kazi yake. Mtu akijikamua, tumbo hukigandamiza kibofu, na mashine ingeweza kudhani kibofu kina nguvu kumbe ni misuli ya tumbo. Mrija wa nyuma hupima presha ya tumbo, nayo huondolewa kwenye hesabu. Kibofu hujazwa polepole kwa maji safi ya chumvi, kisha mgonjwa anakojoa mirija ikiwa bado ndani.

Hesabu yenyewe ni rahisi: chukua presha ya kibofu (hupimwa kwa sentimita za maji) pale kasi ilipofika juu kabisa, utoe kasi hiyo mara mbili. Jibu likizidi 40, njia imebana. Likiwa chini ya 20, haijabana. Katikati ni shaka. Chukua wanaume wawili, wote wenye kasi ya mililita 6 kwa sekunde. Wa kwanza ana presha 80: anapata 68, njia imebana. Wa pili ana 25: anapata 13. Huyu msuli wake umechoka, ingawa chooni wote wawili wanalalamika kwa maneno yale yale.

"Kipimo hicho kinamaliza nguvu za kiume"

Hapana. Unaweza kuhisi kuchoma ukikojoa kwa siku moja mbili, au kuona damu kidogo. Wachache hupata maambukizi ya mkojo. Ukipata homa, rudi hospitali.

"Tezi kubwa, tabu kubwa"

Wapo wenye tezi kubwa wanaokojoa bila shida, na wenye tezi ndogo inayobana vibaya. Kipimo cha damu cha PSA, kinachotumika kuchunguza tezi dume, nacho hakisemi lolote kuhusu nguvu ya kibofu.

"Basi kila mwanaume apimwe presha ya kibofu kabla ya upasuaji wa tezi"

Nami ningedhani hivyo, lakini utafiti wa UPSTREAM wa Uingereza ulionyesha vingine. Wanaume 820 katika hospitali 26 waligawanywa makundi mawili, moja likaongezewa kipimo hiki. Waliofanyiwa upasuaji walikuwa asilimia 38 kwa waliopimwa na 36 kwa wengine, yaani kipimo hakikupunguza upasuaji. Kwa hiyo nisingekidai kwa kila mtu. Ningekiulizia pale penye shaka: mwenye kisukari cha muda mrefu, aliyewahi kupata kiharusi, kijana, au aliyekwisha kufanyiwa upasuaji bila nafuu.

Kabla ya yote hayo, mtajie daktari dawa unazomeza. Baadhi ya dawa za mafua na mzio, pamoja na amitriptilini, huzuia mkojo zenyewe.

Na mkojo ukigoma kabisa, tumbo la chini likavimba na kuuma, usisubiri miadi ya kipimo chochote. Nenda hospitali saa hiyo hiyo uwekewe mpira wa kutolea mkojo.