Karafuu kwenye jino bovu

Ukipita Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, siku ambayo kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) kinapika, harufu hukupokea kabla hujaliona jengo. Kwa sehemu kubwa harufu ile ni molekuli moja, yujenoli: atomu 10 za kaboni, 12 za haidrojeni na 2 za oksijeni. Ndiyo iliyonituliza utotoni usiku mmoja jino likinipwita. "Tafuna karafuu, mjukuu wangu, uiache hapohapo," bibi aliniambia. Kwanza iliniwasha, kisha kinywa kikafa ganzi.

Leo nasomesha kemia, na bado ganzi ile ndiyo njia yangu ya kuwavusha wanafunzi kwenda kwenye biolojia.

Neva ya jino hupeleka habari ya maumivu kwa kufungua vilango vya protini kwenye utando wake, ioni (atomu zenye chaji) za sodiamu zikaingia. Yujenoli hupenda mafuta kuliko maji, na utando ule ni mafuta, basi hupenya bila taabu. Ikifika kwenye kilango hujibana pale, sodiamu ikazuilika, na habari haifiki kwenye ubongo. Jino linaendelea kuoza vilevile (kwa hiyo nenda kwa daktari, na mafuta halisi ya karafuu usimpe mtoto anywe).

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba hapo hakuna kilichovunjika. Yujenoli haikugeuka kitu kingine, wala protini haikuharibika. Zimeshikana kwa mivuto midogo tu: haidrojeni ya huku inavutwa na oksijeni ya kule, na sehemu zinazokimbia maji zinajikusanya pamoja. Kwenye maji, bondi ya haidrojeni kati ya molekuli mbili ina takriban sehemu 1 kati ya 20 ya nguvu ya bondi inayoshika atomu ndani ya molekuli yenyewe. Kwa udhaifu huo molekuli hushika, huachia, mate yakaisomba, na ganzi ikaondoka. Naamini mwili unaishi kwa udhaifu huu. Kama kila kilichogusana kingegandana, neva isingeweza kupeleka habari ya pili.

Aspirini haiachii. Ikikikuta kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi ya kikemia) kinachosaidia kutengeneza prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea maumivu, hukibandika kipande chake kwa bondi kamili, na kimeng'enya hicho hakifanyi kazi tena. Seli nyingi huunda kingine. Chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, hazina kiini chenye maelekezo ya kukiunda, haziwezi. Hubaki hivyo mpaka zife, baada ya siku 7 hadi 10. Ganzi ya karafuu haimalizi hata mchana mmoja.

Na ule muwasho wa mwanzo? Molekuli inayowasha kwenye pilipili ina ncha iliyoumbwa kama yujenoli: duara la kaboni sita na oksijeni mbili zilizokaa jirani. Mwaka 1997 maabara ya David Julius, Marekani, iliitambua protini inayoipokea, na ikaonekana protini hiyohiyo huamshwa na joto kali. Kwa kazi hiyo alipata Nobeli ya 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Karafuu nayo huigusa protini hiyo.

Kwa hiyo kabla sijaandika chochote ubaoni, kila mwanafunzi nampa karafuu moja atafune. Nyuso hukunjana. Nasubiri zikunjuke, ndipo nachukua chaki.