Tao halifanyi mlango uwe wa Kiarabu

Wiki hii nimeletewa tena picha kwenye simu: "Fundi, nimepata mlango wa Kiarabu, hebu ona tao lake." Mlango ni mzuri, msaji mtupu, lakini wa Kiarabu sio. Nimelisema hili Mji Mkongwe kwa wenye nyumba, kwa madalali na kwa watembeza wageni, na kesho yake nalisikia tena.

Watu wameyaona matao misikitini, basi wakiona nusu duara juu ya mlango husema Uarabu huo. Kwa milango ya Unguja ni kinyume chake. Mlango wa mtindo wa Kiarabu, ule wa zama za Seyyid Said na watu waliomfuata kutoka Oman, una kizingiti cha juu kilichonyooka. Fremu yake ni mstatili. Nusu duara ilienea baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, kwa mkono wa mafundi na matajiri wa Kihindi, na ndani yake hujazwa majani na maua yanayojipinda. Mlango wa Kigujarati ni mwingine tena, mbao zake zimegawanywa miraba midogo midogo. Ukivuka hadi Siyu, kule kisiwa cha Pate karibu na Lamu, utakuta nakshi za maumbo ya kijiometri zilizokatwa kwa kina kidogo, hazifanani na hizi za Unguja hata kidogo.

Kwa hiyo usianze na tao. Anza na kizingiti cha juu, kwa sababu huko ndiko mara nyingi kuna maandishi, aya au mwaka. Kisha shuka na miimo, zile nguzo mbili za pembeni za fremu, hadi chini: kwenye milango ya Kiarabu nakshi mara nyingi huanza kwa samaki au mawimbi, halafu hupanda. Mwisho tazama mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika maungio ya mbao mbili, uone kama mkono uliouchonga ndio uliochonga fremu. Usipolingana, mlango umeunganishwa kutoka sehemu mbili.

Ukikuta mwaka, ni wa Hijria. 1300 ni 1882 kuingia 1883, wakati wa Sayyid Barghash. Nimeshaambiwa na mtu mzima kwamba mlango wake una miaka mia saba! Tena mwaka huo ni wa mlango, si wa nyumba. Milango huuzwa, hurithiwa, huhamishwa. Ukuta unaweza kuwa na umri mwingine kabisa.

Kosa hili la tao linaniuma kwa sababu lina madhara. Nimekuta kizingiti kilichonyooka, chenye maandishi, kimekatwa kwa msumeno ili litiwe tao, "mlango urudi kwenye asili yake". Asili yenyewe ndiyo iliyokuwa chini, vipande vipande.

Yapo na mengine yanayosemwa. Njumu za shaba, ile misumari yenye vichwa vikubwa mlangoni, si za kuzuia tembo. Tembo Unguja wako wapi? Miiba ya chuma dhidi ya tembo wa vita ni habari ya ngome za India. Hizi zetu ni pambo na dalili ya uwezo.

Mnyororo uliochongwa ukingoni nao husemwa kuwa ni tangazo kwamba mwenye nyumba aliuza watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na mnyororo unachongwa hadi leo. Wachongaji huueleza kuwa ni kinga, unaizunguka fremu kuilinda nyumba. Tippu Tip aliuza watu, na tunalijua hilo kwa maandishi, pamoja na maelezo ya maisha yake aliyoyaacha mwenyewe kwa Kiswahili. Biashara ile ilikuwa ya kikatili na ushahidi wake upo. Kuibandika familia yoyote kwa sababu ya ukingo wa mlango ni dhuluma.

Hata ndani ya nyumba hizi za mawe kuna ya kusahihisha: vyumba vyembamba havikutokana na umaskini. Dari hushikwa na boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa, uzito mkubwa, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda. Ndiyo maana hata nyumba ya tajiri wa Lamu ina vyumba virefu na vyembamba. Na yale makuti marefu juu ya nyumba za mawe za Lamu yaliongezwa baadaye. Paa la awali lilikuwa bapa.

Wala saruji si bora kuliko chokaa kwa sababu tu ni ngumu. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji na kuyatoa. Saruji huyafungia ndani pamoja na chumvi, boriti zikaoza kwenye ncha zake, pale zilipoingia ukutani. Kama umeshapiga plasta ya saruji, ibandue pole pole kwa patasi, anza chini ambako unyevu hupanda, uache ukuta ukauke kabla ya kupaka chokaa.