Je, wajua mbona mkono wa kushoto hugombana na miguu kwenye kinanda?

Wapiga kinanda wengi hapa Nairobi wameanzia kwa kibodi ya kwaya, ile ya funguo 61, mkono wa kulia unabeba wimbo, wa kushoto unabonyeza kodi (nota kadhaa kwa pamoja) na besi, Jumapili inapita. Halafu siku moja mtu anaketishwa kwa kinanda cha mabomba, kama kile cha All Saints' Cathedral kando ya Uhuru Park, anakuta huko chini kuna pedali za kupigwa kwa miguu, huwa ni 30 au 32 kwa vinanda vingi, na anaambiwa besi imehamia huko. Mkono wa kulia hauna shida. Miguu ikiwa peke yake inajikokota mpaka inafika. Unganisha miguu na mkono wa kushoto sasa, vurugu!

Ni mazoea tu. Miaka yote sikio lako limejua sauti ya chini kabisa ni kazi ya mkono wa kushoto. Leo mkono huo umepewa teno, sauti iliyo juu ya besi, lakini bado unasikia besi ikipita na unataka kuifuata, miguu ikishuka nao unashuka, kama mtoto anayemfuata mamake sokoni.

Kwa hivyo wimbo mpya usiuvamie na kila kitu pamoja. Mikono miwili na miguu vinapangika kwa njia saba: kimoja kimoja, viwili viwili, halafu vyote. Kuna watu hupitia zote saba kwa utaratibu, sawa, lakini kama muda ni kidogo (na nani ana muda Nairobi hii) anza na kushoto na miguu, hiyo ikikaa zingine zinakuja haraka. Chukua kipande kifupi sana na kila mara umalizie kwa nota ya kwanza ya kipande kinachofuata, la sivyo utajua vipande vyote na bado utakwama kwenye maungio. Wanakwaya wako na bahati hapa, imba teno kwa mdomo huku miguu ikipiga besi, ukiweza kuimba bila kuteleza mkono utafuata.

Mwendo uwe wa pole kiasi kwamba hukosei. Hapa ndio watu hubishana na mimi, eti wimbo unaboesha ukienda pole, lakini ubongo hauchagui, unahifadhi kile unachorudia, na ukikosea mahali pamoja kila mara basi umelijua hilo kosa vizuri kabisa. Pia nusu saa kila siku inashinda Jumamosi nzima, kwa sababu kile ulichojifunza kinaendelea kukaa sawa kichwani ukiwa umelala.

Vidole navyo. Piano ina pedali ya kushikilia sauti, kinanda cha mabomba hakina, ukiinua kidole sauti imekatika hapo hapo. Ndio maana wapigaji hubadilishana vidole juu ya ufunguo bila kuuachilia, tuseme cha tatu kinatoka na cha tano kinachukua nafasi. Amua mapema, andika kwa penseli, usibadilishe kila siku. Miguu vilevile, ncha ama kisigino.

Na kama nyumbani hakuna kinanda? Hiyo shida ni ya zamani sana. Ulaya kabla ya stima upepo wa kinanda ulitoka kwa mivukuto iliyokanyagwa ama kuvutwa na watu, na nani atakupulizia usiku kucha ukirudia mistari miwili, kwa hivyo wapigaji wengine walikuwa na klavikodi (kinanda kidogo cha nyuzi chenye sauti ya chini) yenye pedali nyumbani. Kibodi yako ya 61 inatosha kwa mikono, kwa sababu vinanda vingi vikubwa vya siku hizi vina idadi hiyo hiyo kwa kila safu ya funguo za mikono. Ukiruhusiwa kuingia kanisani saa moja siku ya kazi, fungua stopu (kitufe cha kuchagua mabomba yatakayolia) moja tu ya sauti ndogo ndio usikie kila nota, na hiyo saa yote iende kwa kushoto na miguu. Mkono wa kulia utafanyiwa mazoezi nyumbani.